Vinara Kumi na Kimoja

Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake ana vinara vya mishumaa kumi na kimoja nyumbani kwake, na hajawahi kuwasha mshumaa hata mmoja. Watu wakisikia hivyo hucheka. Mimi nilicheka kabla yao, maana ukuta wa chumba chake na wa kwangu ni mmoja, na kila alipogonga msumari, niliyeamka ni mimi.

Mtaani wanamwita Bi Mikunjo. Si kwamba ana mikunjo usoni. Ni kwamba haivumilii popote. Kwa miaka ishirini na sita amepiga pasi kwa dobi wa kona ya pili, na mkono wake umezoea kazi hiyo hata akiwa amelala, nadhani. Ukisimama naye barabarani mkiongea, utashtukia ameshakunyoosha kola huku anakujibu habari nyingine kabisa. Aliwahi kumnyoosha hivyo askari aliyekuja kuuliza njia, na askari akaondoka mtulivu kama mtoto aliyeogeshwa.

Kazi yake naiheshimu, na si kazi nyingi za siku hizi ninazoziheshimu. Hulowesha ncha ya kidole, akagusa uso wa pasi, na kwa ule mlio mfupi tu anajua kama ni moto wa hariri au wa pamba. Pasi za leo zina kitufe cha kuchagua moto, lakini yeye kitufe hakiamini. Alijifunza kwa pasi ya mkaa, kwa yule dobi wa zamani, baba wa huyu wa sasa, aliyekuwa akimrudishia mtu shati na kifungo kilichokuwa kimepotea. Kifungo hicho hukuagiza na hakuna aliyekuambia. Ulivaa shati ukakikuta. Mtu wa namna hiyo ukimtafuta leo utachoka miguu.

Bi Mikunjo aliachwa mjane mapema, bila mtoto, na miaka mingi alilala katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, kati ya mabunda ya nguo za watu. Miaka mitatu iliyopita ndipo alipohamia hapa kwenye nyumba yetu ndefu ya wapangaji, akachukua vyumba viwili vinavyofuatana vyenye mlango wa nyuma wa kutokea uani. Siku anahamia, kaka yake mkubwa alikuja kuona. Kaka huyu ana duka la vigae vya sakafu, kwa hiyo nitamwita Bwana Vigae. Alisimama mlangoni, akatazama kuta zenye masizi, taa moja iliyoning'inia na boksi lililokuwa meza, akasema, "Dada, umetoka stoo moja umeingia nyingine." Kisha akaondoka. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu mwema mwenye viatu visivyopenda vumbi.

Neno lile la stoo lingesahaulika kama si mama yao.

Mama yao alikuwa akiishi kwa Bwana Vigae, na macho yake yalikuwa yamefifia polepole hata yakabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Kwa mwanawe hakukosa kitu. Alikula vizuri, alilala pazuri, aliogeshwa kwa maji ya moto. Lakini kila Jumapili mchana Bi Mikunjo alipokwenda kumwona, alimkuta kwenye kiti kilekile, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa jina ofisini. Mama yule zamani alikuwa muuza mboga anayetembea. Mtaa mzima ulijua sauti yake. Jumapili moja alimshika binti yake mkono akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa nimekuwa kikombe. Nawekwa, naondolewa. Nichukue."

Bi Mikunjo alimwendea kaka yake papo hapo. Bwana Vigae hakukataa, ila alisema mama hatoki kwenye nyumba ya maana akalale stoo. Akaweka sharti: baada ya miezi mitatu atamleta mwenyewe, Jumapili, atazame. Akikuta nyumba, mama atabaki na begi lake. Akikuta stoo, watageuza gari, na maneno hayo yasirudiwe tena.

Nilimsikia Bi Mikunjo aliporudi jioni ile. Kupitia ukuta nilisikia pasi ikipita, na kupita, na kupita. Kesho yake nilimuuliza alikuwa akinyoosha nini muda wote ule. Akasema, "Taulo la kufutia vyombo, Mzee wangu. Lilikuwa karibu."

Basi akaanza kuipamba nyumba, na mshahara wa mpiga pasi mnaujua. Rangi aliipata kwa kuomba mabaki kwa mafundi wawili waliokuwa wakimaliza nyumba mbili tofauti. Akachanganya kopo la huyu na kopo la yule, ikatoka rangi ambayo haina jina, kati ya maziwa na ganda la yai, nzuri ajabu. Mapazia alipewa na dobi, katika nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua kwa miaka minne. Alipata ubao mrefu uliokuwa wa jukwaa la mafundi ujenzi, akausugua kwa msasa wiki nzima, akaupaka mafuta, akaupigilia ukutani kama rafu, kuanzia mlango wa mbele, kupita sebuleni, kupenya chumba cha kulala hadi mlango wa nyuma. Aliuweka chini, usawa wa kiuno, kwa sababu juu zaidi ukuta ulikuwa unamomonyoka na misumari haikushika. Mimi nilimwambia rafu ya kiunoni ni ya kuku kulalia. Akaniambia atanitafutia kuku.

Rafu ikapatikana, lakini ikawa tupu, na rafu tupu inaumbua kuliko ukuta mtupu. Ndipo alipokwenda sokoni kwa muuza vyombo vya mitumba tunayemwita Bwana Kisa. Huyu hauzi kitu bila kisa chake. Sufuria yake ilipikia majenerali, kijiko chake kilikoroga chai ya hakimu. Bi Mikunjo alitaka kioo, akashindwa bei. Akataka picha yenye fremu, akashindwa. Chini kabisa, katika karai la vitasa vibovu na mifuniko isiyo na wenyewe, akaona kinara cha mshumaa.

Bwana Kisa alimweleza kwamba vinara vilivyo viwili viwili vina bei yake, kwa kuwa wenye hoteli huvitafuta. Vilivyobaki kimoja kimoja havina mnunuzi. "Hao ni wajane," alisema. "Chukua kwa bei ya kipande cha sabuni."

"Basi wanakuja kwa mwenzao," Bi Mikunjo akamjibu, na soko likacheka.

Tangu siku hiyo, kila wiki alirudi na mjane mmoja au wawili. Kimoja kifupi kinene, cha udongo wa kuchoma. Kimoja chembamba chenye shingo iliyosokotwa kama kamba. Kimoja cha kioo kizito chenye pembe pembe. Kimoja cha mbao, kilichochongwa na mtu ambaye patasi yake ilikuwa na haraka. Kimoja chenye sikio la kushikia kama kikombe. Mishumaa hakununua, akisema mshumaa ni pesa inayoyeyuka ukiiona. Juu ya kimoja aliweka ndimu, juu ya kingine gololi kubwa ya kijani, kingine akakivika kidonge cha uzi mwekundu, na cha mbao akakitia balbu iliyoungua. Asubuhi jua lilipoingia dirishani, ile gololi ilitupa duara la kijani ukutani, na Bi Mikunjo alichelewa kazini mara mbili kwa kulitazama tu. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuchelewa.

Mimi sikufurahi, na nikamwambia. Nilikulia zamani ambapo vitu vilizaliwa viwili: vinara viwili, vikombe sita, viti vinne, na kikipotea kimoja kulikuwa na fundi wa kukutengenezea mwenzake usiwatofautishe. Mafundi hao wamekufa na vyuma vyao vimeuzwa kwa kilo. Nikamwambia rafu yake inafanana na foleni ya zahanati, kila mtu na ugonjwa wake. Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akakinyoosha kile cha shingo ya kamba, kana kwamba kimenisikia na nimekiumiza moyo.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana lisiposemwa habari hii haina ukweli. Ijumaa, siku mbili kabla ya ugeni, alikuwa na vinara vitatu vya rangi ya dhahabu ambavyo vilikuwa vimeanza kupoteza mng'aro. Hivyo ndivyo alivyotegemea vimkabili kaka yake, amevipanga mlangoni mbele. Aliniuliza avisafishe kwa nini. Nikajibu kwa kiburi cha mtu aliyejisomesha mwenyewe kwamba shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, kwa nguvu, mpaka ujione. Ndivyo mama yangu alivyofanya. Wakati wetu kitu kikiwa njano kilikuwa shaba. Hapakuwa na kitu kilichojifanya.

Akavisugua kwa mkono ule wa pasi, usio na huruma. Aliponiita nilikuta karai la maji yenye vumbi la dhahabu linaloelea, na vinara vitatu vya kijivu, vya bati, vyenye mabaka kama mbwa aliyeungua. Shaba ilikuwa rangi tu.

Bi Mikunjo alilivuta karai karibu. Kisha akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tunaweza kudekia." Akachukua tambara, akadeki sakafu kwa yale maji ya dhahabu, na wallahi simenti iling'aa siku nzima. Vile vitatu akavirudisha mlangoni vilivyo. Ila nilimwona alivyokuwa akikunja na kukunjua kona ya kitenge chake, yeye asiyevumilia mikunjo.

Jumamosi nilikwenda kwake nimebeba kinara changu. Hicho ni shaba kweli, kizito, kifupi, cha enzi hizo. Nilipokuwa mbeba magunia ghalani, kwenye mwanga wake ndipo nilipojifunza kusoma, herufi baada ya herufi, hadi nta ikafurika na kugandamana shingoni mwake. Pacha wake alipotea na marehemu ndugu yangu. Rafu ilikuwa na vinara kumi, na mwishoni kabisa, karibu na mlango wa nyuma ambapo kuna kidato kirefu cha kushukia uani, palikuwa na nafasi. Nikakiweka hapo. Nikamwomba kitu kimoja, asikisugue.

"Hata ungetaka, Mzee wangu," alisema, "ndimu zimekwisha, imebaki ile ya kinara tu."

Jumapili saa tisa gari likasimama nje. Bi Mikunjo alikuwa amenikalisha sebuleni na shati alilonipigia pasi yeye, ili chumba kionekane kina wageni wa heshima. Mama aliingizwa kwa kushikwa mabega, mdogo, mnyofu, akinusa hewa. Bwana Vigae alimwacha kando ya mlango, mkono wake juu ya rafu, akamwambia asubiri hapo hapo, kisha akaanza kukagua. Alitazama rangi, asiijue. Alitazama mapazia. Akachukua kinara kimoja cha mlangoni, na mabaki ya dhahabu yakamshika kidoleni.

"Dada," alisema, "hata dhahabu imekukimbia."

Kaka akatazama rafu yote, kinara baada ya kinara, uso wake ukibadilika, akauliza kama kweli amepanga kumweka mama asiyeona katikati ya moto mara kumi na moja. Mtu mzima, kipofu, na mishumaa. Alisema hivyo bila kupaza sauti, na ndiyo maana iliuma.

"Kaka, tafuta mshumaa humu ndani," Bi Mikunjo akasema. "Ukiupata hata mmoja, mrudishe mama."

Bwana Vigae ni mfanyabiashara. Akiambiwa hesabu huhakiki. Alitafuta kweli. Alifungua droo, akainama chini ya kitanda, akainua mto, akachungulia nyuma ya mapazia, na dada yake akimfuata nyuma akinyoosha kila alichokikunja. Mimi niliwatazama wao, na hapo wote watatu tulifanya uzembe mmoja. Tulipogeuka, pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Bwana Vigae aliita mama kwa sauti ambayo sijamsikia nayo kabla wala baada. Jibu lilitoka uani, tulivu kabisa.

"Niko huku. Nani ananiita kama nimepotea?"

Tulikimbilia mlango wa nyuma. Mama alikuwa amesimama chini ya kile kidato, peke yake, uso ameuelekeza juani, anatabasamu. Mwanawe alitaka kuruka kumshika. Yeye akamsukuma mkono kama anayefukuza nzi, akapapasa fremu ya mlango, akapanda kidato, na mkono wake ukatua juu ya kinara changu.

"Huyu ndiye wa mlango wa nyuma," alisema. "Ana nta shingoni. Huyu amewahi kufanya kazi." Akasogea hatua mbili. "Huyu wa mbao, kachongwa na mtu mwenye njaa. Hapo ni kitanda." Akapita mlango wa kati bila kuguswa na yeyote. "Huyu mnene ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hapa pana kiti. Huyu mwenye shingo ndefu ni yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akichungulia vyungu vya watu. Huyu ana ndimu kichwani, basi maji ya kunywa yako hapa, nimeugusa mtungi nilipopita." Akafika mwisho, akavishika vile vitatu vyenye mabaka, akavipapasa sana. "Na hawa watatu wana upele, maskini. Ndio mlango wa mbele."

Bi Mikunjo alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mwanangu," mama akamwambia Bwana Vigae, akimtafuta kwa mkono hadi akampata kifuani. "Kwako kuna milango sita, na vitasa sita, vyote mapacha. Kuta zote laini. Nikishika kitasa sijui ni choo au ni wapi. Mwezi uliopita nilikaa stoo kwako saa nzima, nimenyooka, nikingoja mtu aniletee maji. Nilidhani niko sebuleni."

Bwana Vigae alitazama kidole chake chenye dhahabu. Alikuwa na mengi ya kujibu. Kwa mdomo wa mfanyabiashara hayakosekani. Lakini alitoka nje, na tulipodhani ameondoka, akarudi amebeba begi la mama. Aliliweka chini, akavua viatu vyake pale mlangoni, akauliza kama kuna chai. Tulikunywa hadi jua likashuka, na mama akasimulia habari za mboga na wateja waliokuwa wakimdanganya vipimo, na Bwana Vigae akacheka hadi akashika mbavu. Nilimwona ghafla kama mtoto wa mtu.

Wiki tatu baadaye alikuja na boksi. Ndani mlikuwa na vinara viwili vipya, vya kung'aa, pacha kwa pacha, na bei bado imebandikwa chini. Alivipanga mwenyewe rafuni, kila upande kimoja. Mama alipita asubuhi iliyofuata, akavigusa, akasimama katikati ya chumba akiwa hajui aende wapi. Akamwita binti yake, akamwambia kwa upole viondolewe, ni vijana wazuri lakini wanafanana mno, watamtia shimoni.

Bi Mikunjo hakupenda kumvunja moyo kaka yake. Kimoja alimrudishia kwa agizo la mama: akipigilie ukutani kando ya mlango wa choo chake, ili mama akienda kumtembelea ajue pa kuingia. Bwana Vigae ametoboa kigae chake cheupe kwa ajili hiyo, na wateja wake wakiuliza anawaambia ndiyo mtindo.

Cha pili alinipa mimi, mahali pa kile changu. Ni chepesi kama ahadi, kimefunikwa rangi ile ile ninayoijua, na aliyekitengeneza hakukitazama mara mbili. Nimekiweka mezani, karibu na vitabu vyangu. Miwani yangu inakaa juu yake vizuri sana, na majivu nimeyaweka mbali.